Mwanafunzi wa Manila: Skuli, Sala na Hadithi za Yaya

Mwaka 1878 kijana mmoja wa Ufilipino, mwenye umri wa miaka 17, alishika kalamu akaanza kuandika habari za utoto na masomo yake. Aliyapa maandishi yake jina la Memorias de un estudiante de Manila, yaani Kumbukumbu za Mwanafunzi wa Manila, na mahali pa jina la mwandishi akatia jina la kubuni: P. Jacinto. Wakati ule hakuwa mtu wa kutajika. Alikuwa mmoja wa watoto 11 wa mkulima wa mji wa Calamba, kando ya ziwa la Laguna de Bay. Alikwisha kuhitimu katika skuli ya mapadri Wajesuiti, akajiunga na chuo kikuu. Miaka 18 baadaye kijana huyo huyo, José Rizal, alipigwa risasi hadharani kwa amri ya serikali ya Hispania, na Wafilipino wakamfanya shujaa wa taifa lao.

Mengi yameandikwa juu ya kifo chake. Wako waliomfanya adui wa dini, na wako waliomfanya muumini aliyepotea akarejea nyumbani saa ya mwisho. Kila upande una hoja zake. Mimi nimevutiwa zaidi na yule mwanafunzi kabla hajawa shujaa, kwani katika kurasa zake twaona mambo matatu yakikaa pamoja ndani ya kifua kimoja: sala alizofunzwa na mamake, skuli aliyoipenda, na hadithi za kienyeji alizosimuliwa na yaya wake. Ugomvi ulikuja baadaye, na sidhani kama twaweza kuuelewa ugomvi huo tusipoyajua kwanza mapenzi yaliyoutangulia.

Rizal alizaliwa tarehe 19 Juni 1861. Anasimulia kwamba jioni, familia ilipokwisha kusali rozari, yaya wake alimpeleka kwenye baraza ya juu, penye mbalamwezi, akimpigia hadithi za hazina zilizofukiwa na miti inayozaa almasi. Na alipokataa kula chakula cha usiku, alitishwa: kwa aswang, zimwi linalowinda watu gizani, kwa nuno, kizee kisichotaka kuudhiwa makaoni mwake, na kwa tikbalang, kiumbe nusu mtu nusu farasi. Msomaji wa mwambao hana haja ya kufafanuliwa mambo hayo. Nani kati yetu hakuitiwa zimwi ili amalize wali sahanini? Linalostahiki kuangaliwa ni kwamba rozari na tikbalang zimo katika ukurasa mmoja, na kijana anayeziandika, msomi wa Kilatini na falsafa, haoni haya kwa lolote kati ya hayo mawili.

Mwaka 1868 babake alimchukua kwenda Antipolo kutimiza nadhiri. Mtoto alikuwa amezaliwa kwa taabu, na mamake aliahidi kuwa akinusurika atapelekwa kuzuru sanamu ya Bikira Maria iliyoko mji ule. Sanamu hiyo huitwa ya Amani na Safari Njema. Ililetwa kutoka Meksiko mwaka 1626, na mabaharia wa merikebu zilizokwenda na kurudi baina ya Manila na Acapulco waliomba hifadhi yake. Mama mwenyewe hakwenda, kwa kuwa alikuwa mzazi wa kichanga. Baba na mwana walivuka ziwa kwa chombo, na hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza ya Rizal juu ya maji. Nadhiri ya mama juu ya uhai wa mwana, na chombo kinachokwenda kuitimiza, ni mambo yanayojulikana katika bandari zetu pia, ingawa tunaelekea kwingine tunapoomba.

Mamake, Teodora Alonso, ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Alimfunza herufi akiwa na miaka mitatu. Katika andiko lake jingine, Rizal anaueleza usiku mmoja ambapo mama alikuwa akimsomea kitabu cha Kihispania kiitwacho El Amigo de los Niños, Rafiki wa Watoto. Mtoto alikuwa bado hakijui vyema Kihispania, na macho yake yalikuwa juu ya taa ya mafuta ya nazi iliyozungukwa na wadudu. Mama, alipomwona hasikilizi, akageukia kumsomea na kumfasiria kwa Kitagalogi kisa cha nondo mchanga aliyeonywa na mkubwa wake asiikaribie taa. Hapo masikio yalifunguka. Wakati mama anasoma, nondo wa kweli akaunguza mbawa zake akaanguka ndani ya mafuta. Mafunzo yalikuwa dhahiri: watoto wasiotii huangamia. Lakini Rizal anakiri kuwa alipokuwa akimtazama nondo yule hakumwona mpumbavu. Mwanga ulikuwa mzuri mno machoni pake.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kina jambo la pili ndani yake, ambalo mfasiri hawezi kulipita. Hadithi iliyomfikia mtoto ni ile iliyovuka kutoka lugha ya kitabu na kuingia lugha ya nyumba.

Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka minane, alipelekwa kusoma katika mji jirani wa Biñan, kwa mwalimu Justiniano Aquino Cruz. Anamchora kwa kalamu isiyosahau: mrefu, mwembamba, shingo ndefu, pua kali, mwili umeinama mbele. Mwalimu huyo alizihifadhi kwa moyo sarufi za Kilatini, na viboko vyake navyo havikukosa hesabu. Rizal anasema kwamba siku zilizopita bila ya kupigwa viganja au kulazwa juu ya bao zilikuwa chache. Anasimulia pia kuamka na mapema kwenda misa, na kula wali na visamaki viwili vidogo. Waliosoma zamani vyuoni kwetu, loho mkononi na bakora ya mwalimu juu ya kichwa, watamjua mtoto huyu mara moja. Lakini hakuandika kwa kinyongo. Aliupokea ukali ule kama watoto wanavyoipokea mvua.

Jeraha lilitoka kwingine. Baada ya kurejea Calamba, mamake alikamatwa kwa tuhuma ya kutaka kumtilia sumu mke wa nduguye. Mwanamke huyo, aliyeheshimika mjini, alitembezwa kwa miguu hadi Santa Cruz, makao makuu ya jimbo, mwendo wa kilomita 50 hivi, na akakaa gerezani karibu miaka miwili na nusu kabla ya kuachiwa huru. Mwanawe anaandika kuwa tokea hapo, ingawa alikuwa mtoto bado, alipoteza imani yake katika urafiki wa watu. Katika siku hizo hizo, tarehe 17 Februari 1872, mapadri watatu wa Kifilipino, Mariano Gómez, José Burgos na Jacinto Zamora, walinyongwa katika uwanja wa Bagumbayan, mjini Manila, wakisingiziwa kuchochea uasi wa askari na wafanyakazi wa Cavite uliotokea mwezi uliotangulia. Paciano, kaka mkubwa wa Rizal, alikuwa mtu wa karibu wa Padri Burgos.

Kwa hiyo mtoto alipofika kuandikishwa katika Ateneo Municipal, mwezi wa Juni mwaka huo huo, alikuja na mzigo. Jina la Mercado, ambalo familia ililitumia siku zote, lilikuwa limekwisha kutiliwa shaka. Paciano akamshauri atumie jina la pili la ukoo, Rizal, ambalo hapo nyumbani halikuwa likijaliwa. Baadaye alimwandikia rafiki yake kuwa, kwa kubeba jina tofauti na la nduguze, alionekana kama mtoto wa nje ya ndoa. Jina ambalo dunia inamjua nalo lilianza kama stara ya mwanafunzi anayetafuta nafasi ya kusoma.

Wajesuiti walikuwa wamefukuzwa katika dola ya Hispania mwaka 1767, wakarudi Ufilipino mwaka 1859, na wakakabidhiwa skuli ndogo ya mji iliyokuja kuitwa Ateneo Municipal. Ufundishaji wao ulikuwa tofauti na ule wa Biñan. Darasa liligawanywa majeshi mawili: wanafunzi wa bweni walikuwa Warumi, wa kutwa walikuwa Wakarthago. Kila jeshi lilikuwa na bendera yake, na vyeo vyake kuanzia kaizari kushuka chini. Mwanafunzi aliweza kumpokonya mwenziwe cheo kwa kumshinda katika maswali. Rizal, ambaye Kihispania chake kilikuwa dhaifu, alikalishwa mwisho wa safu ya Wakarthago. Baada ya mwezi mmoja alikuwa kaizari, na zawadi yake ya kwanza ikawa picha ya dini. Hakuridhika. Saa ya mapumziko ya adhuhuri alikwenda kusoma Kihispania zaidi katika skuli nyingine, kwa ada ya peso tatu.

Furaha yake katika skuli ile haina shaka. Alikuwa mwanachama wa chama cha wanafunzi cha kumtukuza Bikira Maria. Kwa kisu kidogo alichonga katika mti wa batikuling sanamu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambayo padri mmoja alikusudia kwenda nayo Hispania akaisahau, na wanafunzi wakaiweka mlangoni mwa bweni. Mwalimu wake Francisco de Paula Sánchez ndiye aliyeupalilia ushairi wake, na Rizal hakuacha kumtaja kwa shukrani. Tarehe 23 Machi 1877 alihitimu kwa alama za juu kabisa.

Lakini tuzitazame tungo zenyewe. Mwaka 1876, akiwa na miaka 15, alitunga shairi la kusifu kuingia kwa ushindi kwa wafalme Wakatoliki katika mji wa Granada, mji wa mwisho wa Waislamu wa Hispania, uliotekwa mwaka 1492. Utungo wake mwingine wa siku za skuli ulimsifu Urbiztondo, gavana aliyeushambulia usultani wa Jolo, kusini mwa Ufilipino, mwaka 1851. Hebu fikiri, msomaji: mtoto wa nchi iliyotawaliwa anashangilia, kwa vina vya mtawala wake, kuanguka kwa wengine walioshindwa na mtawala huyo huyo. Simlaumu. Mwanafunzi huimba alichofunzwa kukipenda. Nataja hili kwa sababu ndivyo skuli inavyotenda kazi yake kubwa kuliko zote. Kazi hiyo hufanywa na mwalimu mwema zaidi kuliko mwalimu mwenye bakora, maana bakora huacha moyo nje, na wema huuingia.

Badiliko lilikuja kimyakimya. Mwaka 1879, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Santo Tomás, alishinda tuzo ya kwanza kwa shairi la kuwahimiza vijana wa Ufilipino. Ndani yake nchi aliyoiita yake ilikuwa Ufilipino. Lugha ni ya Hispania, arudhi ni ya Hispania, majaji ni Wahispania, na kalamu ya fedha ya zawadi ikatoka mikononi mwao. Kilichogeuka ni yule anayesemeshwa. Tarehe 3 Mei 1882 aliondoka kwenda kusoma Hispania, akipitia Singapore, Colombo, Aden na mfereji wa Suez, njia za bahari ambazo wazee wetu walizijua kwa majina yao wenyewe.

Huko Ulaya, mwanafunzi aliyepewa vyeo na medali aliandika madarasa mawili ambayo hayasahauliki. Katika riwaya ya Noli Me Tangere, iliyochapwa Berlin mwaka 1887, yumo mwalimu wa kijiji asiye na jengo la skuli, anayefundisha chini ya nyumba ya padri na kulazimishwa kurudi kwenye kiboko alichotaka kukiacha. Katika El Filibusterismo, iliyochapwa Ghent mwaka 1891 na kutabarukiwa wale mapadri watatu walionyongwa, kuna darasa la fizikia lenye vyombo vizuri ndani ya makabati ya vioo, ambavyo mwanafunzi haruhusiwi kuvigusa. Katika mwaka huo huo familia yake na majirani zao wengi walikuwa wametimuliwa katika mashamba ya Calamba, ambayo mwenye nayo alikuwa shirika la mapadri Wadominiko. Kwa hiyo anaposhambulia majoho, tukumbuke kwamba mwenye joho alikuwa pia mwenye ardhi na mwenye skuli.

Wakati huo huo alimrudia yaya wake. Mwaka 1889 alichapisha mjini London ngano ya Kitagalogi ya kobe na kima, akiilinganisha na ya Wajapani. Wawili hao wanagawana mgomba: kima anachukua sehemu ya juu yenye majani, kobe anachukua ya chini yenye mizizi. Wa kobe unazaa, kima anaupanda na kuzila ndizi zote, na kobe anamlipiza. Anaponaswa na kutishwa kutwangwa kinuni au kutupwa mtoni, kobe anasema kinu si kitu, ila maji ndiyo ayaogopayo. Anatupwa majini, anaibuka anacheka. Sisi tunaye kobe wetu, aliyemshauri simba amsugue matopeni mpaka gamba litoke, kisha akamponyoka. Mwaka 1890 Rizal akatoa upya, kwa maelezo yake, kitabu cha Antonio de Morga cha mwaka 1609, alichokinakili kwa mkono katika maktaba ya London, ili kuwaonyesha wenziwe kuwa babu zao walikuwa na biashara, ufundi na maandishi kabla ya kuja Mhispania.

Lililonigusa mimi zaidi, kama mtu aliyejifunza lugha za watu kwa kamusi na taa, ni habari ya mwaka 1886. Rizal alikuwa akiifasiri kwa Kitagalogi tamthilia ya Schiller juu ya Wilhelm Tell. Alimwandikia Paciano kuwa maneno mengi yamempiga chenga, na mojawapo ni neno la uhuru. Neno kaligtasan halikumfaa, kwa sababu lilimaanisha kuokoka, na anayeokoka lazima awe alikuwa kifungoni kwanza. Alilopata ni kalayaan, ambalo aliliona katika tafsiri ya Marcelo H. del Pilar ya makala aliyoiandika Rizal mwenyewe juu ya mapenzi ya nchi. Skuli ilikuwa imempa Kihispania, Kilatini na Kiyunani. Neno alilolihitaji kuliko yote alilipata katika lugha ya yaya wake, na alioneshwa na mfasiri mwingine. Baada ya miaka michache neno hilo likawa jina la gazeti la wanamapinduzi.

Mwaka 1892 alihamishiwa Dapitan, katika kisiwa cha Mindanao, akakaa huko miaka minne. Alifungua skuli ya watoto wa kiume bila ya kutoza ada, wao wakimlipa kwa kazi za shamba, na aliyeongoza darasa aliitwa kaizari, kama kule Ateneo. Padri Sánchez alitumwa kwenda kumrejesha kwenye msimamo wa kanisa. Hakufaulu, lakini mwalimu na mwanafunzi walitengeneza pamoja ramani kubwa ya Mindanao ya udongo katika uwanja ulio mbele ya kanisa, na ipo hadi leo. Kwa barua alijadiliana pia na Padri Pablo Pastells. Kumwamini Mungu hakuacha. Alichokataa ni kusadiki kwamba kuna kinywa cha binadamu kinachoweza kudai kimemmaliza Mungu kumwelewa.

Alipohukumiwa kifo, waliokwenda kukaa naye gerezani Fort Santiago walikuwa Wajesuiti, na yasemekana walimletea ile sanamu ya Moyo Mtakatifu aliyoichonga akiwa mwanafunzi. Hati ya kukana maandishi yake iligunduliwa mwaka 1935, na mpaka hivi leo wataalamu hawajakubaliana kama ni ya mkono wake. Lisilo na shaka ni shairi lililofichwa ndani ya kijiko cha spiriti na kukabidhiwa dada zake: beti 14, kila ubeti mishororo mitano kama takhmisa zetu, kila mshororo mizani 14, bila ya anwani wala saini. Aliuawa asubuhi ya tarehe 30 Desemba 1896, katika uwanja ule ule wa Bagumbayan.

Mwaka 1956 Bunge la Ufilipino lilipitisha sheria ya kuwafunza wanafunzi wote maisha ya Rizal na riwaya zake mbili. Maaskofu wengi walipinga, na ubishi ulikuwa mkali. Tangu hapo kila kizazi cha wanafunzi kinamsoma kwa lazima, na kitu cha lazima, kama tujuavyo sote, huchosha. Laiti ningekuwa mwalimu wao, ningeanza na zile kumbukumbu za P. Jacinto. Ningewasomea kwanza kisa cha nondo, kwa lugha ya nyumbani kwao, kisha ningewauliza kama yule mtoto alikosa kusikiliza, au alisikia zaidi ya alivyosomewa.